Galaksi zinapogongana: Nyota huzaliwa upya, kemia ya anga hubadilika
Na Mwandishi Wetu, Babati

MKAZI wa Babati anayetoka nje usiku usio na mbalamwezi katika miezi ya Desemba na Januari, akasimama mahali pasipo na taa na kutazama kusini, upande iliko barabara ya Kondoa, anaweza kuona mabaka mawili meupe yaliyofifia, mfano wa vipande vya wingu vilivyoachwa nyuma na upepo. Akirudi kesho yake atayakuta yangalipo. Si mawingu ya mvua, wala si moshi wa mashamba.

Mabaka hayo ni galaksi mbili zilizo nje kabisa ya galaksi yetu. Wanafalaki huziita Wingu Kubwa na Wingu Dogo la Magellan, kwa jina la baharia Mreno Ferdinand Magellan, ambaye msafara wake ulizunguka dunia kati ya mwaka 1519 na 1522. Mwanga wa Wingu Kubwa unaoingia jichoni mwa mtazamaji wa leo uliondoka huko takribani miaka 160,000 iliyopita; ule wa Wingu Dogo umesafiri kwa miaka ipatayo 200,000.

Lisilofahamika kwa wengi ni kwamba galaksi hizo mbili zimekwisha kugongana zenyewe kwa zenyewe, na kwamba zote mbili zinavutwa na galaksi yetu, ambayo inatarajiwa kuzimeza hapo baadaye. Kwa maneno mengine, mkulima wa Bonga au mfanyabiashara wa sokoni mjini Babati anaweza kuona kwa macho yake, bila darubini, tukio la aina ileile ambayo wanasayansi wamekuwa wakiichunguza kwa zaidi ya nusu karne ili kujibu maswali mawili: nyota huzaliwa kwa wingi wakati gani, na madini yaliyomo duniani na mwilini mwa binadamu yalisambaaje angani.

Galaksi ni mkusanyiko wa nyota, gesi na vumbi unaoshikiliwa pamoja na nguvu ya mvutano. Galaksi yetu, iitwayo Njia Nyeupe, ina nyota zaidi ya bilioni 100, na upana wa sahani yake ni kama miaka ya nuru 100,000. Jua letu liko umbali wa miaka ya nuru ipatayo 26,000 kutoka katikati.

Neno 'kugongana' humfanya msomaji afikirie ajali ya mabasi. Ukweli ni tofauti. Nyota zenyewe karibu hazigusani kamwe, kwa sababu nafasi baina yake ni kubwa kupita kiasi. Tukilichukua Jua kuwa ni punje ya mtama yenye upana wa milimita 3, nyota iliyo jirani nalo zaidi ingekuwa punje nyingine iliyoko umbali wa kilomita 85 hivi, yaani karibu nusu ya safari ya kutoka Babati hadi Arusha. Galaksi mbili zinaweza kupishana, kuchanganyikana na hatimaye kuwa moja bila nyota hata mbili kupambana uso kwa uso.

Kinachogongana ni gesi. Gesi imetanda baina ya nyota, na gesi ya galaksi moja haiwezi kupita ndani ya gesi ya nyingine kama kivuli.

Aidha, kabla hata ya kugusana, kila galaksi huivuta nyingine kama Mwezi unavyoyavuta maji ya bahari na kuyafanya yajae na kupwa. Katika galaksi iliyo tulivu, gesi huzunguka kituo chake kwa kasi inayoizuia isianguke katikati. Galaksi jirani inapokaribia, mvutano wake huuvuruga mzunguko huo, gesi hupoteza mwendo wake wa kuzunguka na kuanza kuporomoka kuelekea kitovuni. Huko hubanana, hupoa na kuvunjika mapande mapande, na kila pande linalojikunja vya kutosha huwa nyota mpya.

Waliofanya wazo hilo likubalike ni ndugu wawili, Alar Toomre na Jüri Toomre, ambao mwaka 1972 walitumia kompyuta za wakati huo kuonyesha kwamba mikia mirefu inayoonekana kwenye baadhi ya galaksi ni matokeo ya mvutano wa galaksi mbili zinazopitana. Miaka sita kabla yao, mwaka 1966, Mmarekani Halton Arp alikuwa amechapisha orodha ya picha 338 za galaksi zenye maumbo ya ajabu. Nyingi miongoni mwa hizo leo zinafahamika kuwa ni galaksi zilizomo katika mapambano.

Mfano unaotajwa mara nyingi zaidi ni jozi iitwayo Antena, iliyoko umbali wa takribani miaka ya nuru milioni 65 hadi 70. Imepewa jina hilo kwa sababu mikia yake miwili inafanana na papasi za mdudu. Mahali galaksi hizo mbili zinapokutana, darubini ya anga ya Hubble ilionyesha makundi mengi ya nyota changa, ya aina ya Kilimia kile ambacho wakulima wetu wamekitumia tangu enzi kutambua majira, isipokuwa baadhi yake ni makubwa mno kuliko Kilimia.

Mwingine ni ule wa galaksi iliyopewa namba 220 katika orodha ya Arp, iliyo umbali wa miaka ya nuru kama milioni 250. Galaksi yetu huzalisha nyota mpya zenye uzito wa takribani Jua moja hadi mawili kwa mwaka. Arp 220, ambayo ni galaksi mbili zinazomalizia kuungana, hutengeneza nyota zenye uzito wa Majua 200 au zaidi katika muda huohuo. Nyota hizo zimefunikwa na vumbi zito, hata ukubwa wa kazi hiyo haukujulikana hadi mwaka 1983, Marekani, Uholanzi na Uingereza ziliporusha setilaiti ya IRAS iliyopima mwanga wa joto usioonekana kwa macho.

Hapo ndipo suala la kemia linapoingia, na kwa msomaji wa Mkoa wa Manyara pana mfano ulio karibu zaidi kuliko anavyodhani.

Ulimwengu ulipoanza ulikuwa na haidrojeni, heliamu na chembe kidogo za lithiamu, basi. Elementi nyingine karibu zote zilipikwa baadaye na nyota. Chukua Tanzanaiti, vito vilivyogunduliwa mwaka 1967 katika vilima vya Mererani wilayani Simanjiro. Ndani yake mna kalsiamu, alumini, silikoni, oksijeni na haidrojeni, pamoja na kiasi kidogo cha vanadiamu kinachoipa rangi yake ya buluu. Haidrojeni hiyo ni ya tangu mwanzo wa ulimwengu. Vilivyosalia vilitengenezwa ndani ya nyota zilizokufa kabla Jua halijazaliwa.

Nyota kubwa huishi miaka milioni chache tu, kisha hulipuka kwa mlipuko uitwao supanova na kutawanya oksijeni, magnesiamu, silikoni na kalsiamu. Chuma nacho hutoka kwa sehemu kubwa katika milipuko ya aina nyingine, ile ya masalia ya nyota za wastani, na milipuko hiyo huchelewa. Mingine hungoja miaka bilioni kadhaa. Tofauti hiyo ya muda ni saa ambayo wanafalaki huitumia kusoma historia. Nyota yenye magnesiamu nyingi kulinganisha na chuma chake ilizaliwa upesi, kabla chuma hakijafika kwa wingi. Yenye magnesiamu kidogo ilizaliwa mahali ambapo mambo yalikwenda polepole. (Msomaji asishangae akisikia wanafalaki wakiita kila elementi iliyo nzito kuliko heliamu 'metali', hata oksijeni tunayoivuta. Mwalimu wa kemia hatawasamehe, lakini ndio utaratibu wao.)

Katika galaksi ya kawaida, metali hizo hazikugawanywa sawasawa. Katikati, ambako vizazi vingi vya nyota vimeishi na kufa, gesi ina metali nyingi. Pembezoni gesi ni maskini. Galaksi zinapokaribiana, gesi ile maskini ya pembezoni humiminika katikati na kuchanganyika na gesi tajiri. Matokeo yake ni kama uji mzito ulioongezwa maji: ladha haipotei, lakini hupungua.

Jambo hilo lilionekana waziwazi mwaka 2006, Lisa Kewley na wenzake walipopima galaksi zilizo katika jozi na kukuta kwamba zile zilizokaribiana sana zilikuwa na oksijeni kidogo katikati kuliko galaksi za ukubwa uleule zilizo peke yake. Mwaka 2010 kundi hilo lilionyesha pia kwamba katika jozi hizo tofauti ya utajiri baina ya katikati na pembezoni huwa ndogo kuliko kawaida. Matokeo hayo yana maana kubwa, kwani kabla ya hapo ingekuwa rahisi kudhani kwamba galaksi inayozalisha nyota nyingi lazima iwe na metali nyingi. Kwa muda fulani, huwa kinyume chake.

Kwa muda fulani tu, hata hivyo. Nyota kubwa zilizozaliwa katika mkurupuko huo huanza kulipuka baada ya miaka milioni chache, na oksijeni hupanda tena. Sehemu ya gesi hiyo iliyotajirishwa hufukuzwa nje ya galaksi kwa upepo mkali wa milipuko hiyo na, pengine, wa shimo jeusi lililoko kitovuni, ambalo nalo hulishwa na gesi inayoporomoka.

Kuhusu gesi inayotoka nje ya galaksi, ushahidi mmoja wa mwanzo unahusiana na pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililokuwa baharini huko Ngomeni, karibu na Malindi. Jukwaa hilo lilikuwa la Waitaliano na setilaiti ilikuwa ya Marekani, lakini jina lake lilikuwa la Kiswahili: Uhuru. Ndiyo iliyoonyesha kwamba makundi makubwa ya galaksi yamejaa gesi yenye joto kali sana baina ya galaksi na galaksi.

Swali likabaki kama gesi hiyo ilikuwa ya asili, yaani haidrojeni na heliamu pekee, au iliwahi kupita ndani ya nyota. Jibu lilitolewa na setilaiti ya Uingereza, Ariel 5, nayo iliyorushwa kutoka jukwaa lilelile la Ngomeni mnamo Oktoba 1974. Mwaka 1976 ilitangazwa kwamba vipimo vyake vimeonyesha alama ya chuma katika gesi ya kundi la galaksi la Perseus. Chuma hakitengenezwi angani patupu. Kilitoka ndani ya nyota, kikatoka ndani ya galaksi, kikaenea baina yake. Katika makundi mengi ya namna hiyo kiasi cha chuma ni kama theluthi moja ya kile kilichomo katika Jua. Ni ajabu kwamba habari hiyo, iliyoanzia umbali mfupi kutoka Malindi, haisimuliwi sana katika madarasa ya Afrika Mashariki.

Je, galaksi yetu yenyewe imepata kumeza nyingine? Imepata, na zaidi ya mara moja. Setilaiti ya Ulaya iitwayo Gaia, iliyorushwa Desemba 2013 na kumaliza kazi ya upimaji Januari 2025, ilipima mahali na mwendo wa nyota zaidi ya bilioni moja. Mwaka 2018 makundi mawili ya watafiti, moja likiongozwa na Vasily Belokurov wa Cambridge na jingine na Amina Helmi wa Groningen, yalitangaza kwamba nyota nyingi zilizotapakaa kuzunguka sahani ya Njia Nyeupe zina mwendo usio wa kienyeji. Ni masalia ya galaksi moja iliyomezwa takribani miaka bilioni 10 iliyopita. Kundi la Helmi liliiita Gaia-Enceladus. Lile la Cambridge, kwa sababu ya umbo la mchoro wa mwendo wa nyota hizo, liliiita Soseji.

Mwendo peke yake usingetosha. Kemia ndiyo iliyokuwa shahidi wa pili. Nyota hizo za kigeni zina magnesiamu kidogo zaidi, kulinganisha na chuma, kuliko nyota wenyeji zenye kiasi kilekile cha chuma, dalili ya kwamba zilizaliwa katika galaksi ndogo ambamo nyota zilitengenezwa kwa mwendo wa kinyonga. Miaka bilioni 10 baada ya kumezwa, bado zimebeba kitambulisho cha kwao.

Mgeni mwingine bado yumo katika kumezwa. Ni galaksi kibete ya Sagittarius, iliyogunduliwa mwaka 1994 na Rodrigo Ibata, Gerard Gilmore na Michael Irwin. Iko nyuma ya kundinyota la Mshale, ambalo kwa mtazamaji wa Babati hupita juu sana angani katika usiku wa Julai na Agosti, ingawa galaksi yenyewe haionekani kwa macho. Mwaka 2020 watafiti walioongozwa na Tomás Ruiz-Lara, wakitumia vipimo vya Gaia, walieleza kwamba uzalishaji wa nyota katika eneo letu la Njia Nyeupe uliongezeka miaka bilioni 5.7, bilioni 1.9 na bilioni 1 iliyopita, na kwamba nyakati hizo zinalingana na zile ambazo Sagittarius inakadiriwa kuwa ilipita karibu.

Jua lilizaliwa miaka bilioni 4.6 iliyopita, wakati wimbi la kwanza kati ya hayo likiwa limekwisha kuanza. Watafiti hao waligusia uwezekano kwamba bila mgeni huyo huenda Jua lisingekuwapo. Ni dhana yenye mvuto, lakini kulingana kwa nyakati si uthibitisho, na nyota zilikuwa zikizaliwa katika Njia Nyeupe hata pasipo mgeni. Msomaji aipokee kwa tahadhari.

Tahadhari hiyo inahitajika pia katika somo zima. Miaka ya nyuma ilizoeleka kusema kwamba muungano wa galaksi huwasha moto wa nyota kila mara. Vipimo vya maelfu ya jozi za galaksi, vikiwamo vya Sara Ellison na wenzake nchini Kanada, vimepunguza chumvi: kwa wastani uzalishaji katika jozi zilizokaribiana hupanda mara mbili hivi. Arp 220 ni mfano uliopita kiasi. Zipo galaksi zilizokwisha kuishiwa gesi, ambazo huungana kimya kimya bila kuzaa nyota yoyote. Na zilizozaa kwa fujo mara nyingi huishia kuwa na umbo la yai, zikiwa na nyota kongwe na gesi kidogo, uzazi umekoma.

Turudi kwenye mabaka yetu ya kusini. Wingu Kubwa lina metali kiasi cha nusu ya Jua, na Wingu Dogo kama sehemu moja ya tano. Baina yao pana daraja la gesi, na nyuma yao umetanda mkondo mrefu wa haidrojeni ulioparuliwa kutoka kwao. Ilibishaniwa kwa muda ni nani kati ya wawili hao mwenye gesi hiyo. Mwaka 2013 vipimo vya kemia vilivyofanywa kwa darubini ya Hubble vilionyesha kwamba sehemu kubwa ya mkondo ina metali moja ya kumi tu ya Jua, hivyo ni mali ya Wingu Dogo, wakati utepe mmoja wenye metali kama nusu ya Jua unalingana na Wingu Kubwa. Wote wawili wamenyang'anywa.

Ndani ya Wingu Kubwa mna eneo la gesi liitwalo Buibui, mojawapo ya viwanda vikubwa vya nyota katika galaksi zote zilizo jirani nasi. Karibu na hapo, Februari 1987, nyota ililipuka na kuonekana kwa macho matupu kutoka nchi zilizo kusini mwa dunia. Ulikuwa mlipuko wa kwanza wa namna hiyo kuonekana bila darubini tangu mwaka 1604, na wanasayansi walishuhudia elementi mpya zikitapanywa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Durham walikadiria mwaka 2019 kwamba Wingu Kubwa litaungana na Njia Nyeupe baada ya miaka bilioni 2.4 hivi. Gesi yake, iliyo maskini kuliko yetu, itachanganyika na ya kwetu.

Na Andromeda? Galaksi hiyo kubwa, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5, iliandikwa kuwa ni 'wingu dogo' na mwanafalaki Mwajemi Abd al-Rahman al-Sufi katika kitabu chake cha mwaka 964 hivi. Inatukaribia kwa kasi ya kilomita 110 kwa sekunde. Mwaka 2012 ilitangazwa, kwa vipimo vya Hubble, kwamba itatugonga baada ya miaka bilioni 4, na vyombo vya habari duniani kote viliichukua habari hiyo kama jambo lililokwisha kuamuliwa.

Juni 2025 Till Sawala wa Chuo Kikuu cha Helsinki na wenzake walichapisha hesabu mpya zilizoingiza mvutano wa Wingu Kubwa la Magellan, ambao awali haukupewa uzito. Walikuta kwamba uwezekano wa galaksi hizo mbili kuungana ndani ya miaka bilioni 10 ijayo ni kama nusu kwa nusu. Baka lile lililofifia upande wa Kondoa lina uzito wa kutosha kuisukuma Njia Nyeupe kando ya njia ya Andromeda. Kwa vyovyote vile, joto la Jua linatarajiwa kuifanya dunia isikalike baada ya miaka bilioni moja hivi, kabla ya mapambano hayo.

Tangu Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa mwaka 2002 na Babati kuwa makao makuu yake, mji umekua na taa zimeongezeka. Hata hivyo, kwa kuwa Babati iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, hapa ni mahali pazuri pa kuziona galaksi zote tatu kwa usiku mmoja, jambo lisilowezekana kwa mkazi wa London wala wa kusini kabisa mwa dunia. Wakati unaofaa ni mwanzoni hadi katikati ya Desemba, saa 3 usiku, mvua za vuli zikitoa nafasi. Andromeda huwa upande wa kaskazini, kidogo kuelekea magharibi, na huonekana kama doa refu la ukungu. Mawingu ya Magellan huwa chini upande wa kusini. Hata yanapofika juu kabisa, Wingu Kubwa halizidi nyuzi 25 kutoka upeo wa macho, hivyo kilima au mti mrefu hutosha kulificha. Macho yapewe dakika 20 kuzoea giza, simu izimwe, na mwezi usiwepo.